St. Louis, Wawili

Ukumbi mkubwa wa stesheni ya Chicago ulikuwa umefurika siku ile, si kwa sikukuu wala kwa mkutano, ila kwa sababu treni ya St. Louis ilikuwa imechelewa tena. Sisi watu wa St. Louis tumezoea. Ubao ukisema nusu saa, tunalegeza viatu. Ukisema saa nzima, tunaanza kujuana. Ndivyo yalivyomkuta Vernita Gaines, dereva wa basi la jiji, mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye alikwisha kutangaza kwa kinywa chake kwamba mambo ya wanaume ameyafungia mlango na ufunguo kautupa mtoni Mississippi.

Alivaa gauni la manjano lililomkaa sawasawa kiunoni, na juu yake koti la kijani aliloshonewa na mama yake. Mapajani alipakata boksi la viatu lililofungwa kwa uzi. Kwenye benchi lile lile refu la mbao alikaa mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu, tai kailegeza, uso wa mtu ambaye tumbo lake linamdai tangu asubuhi. Alivumilia, akavumilia, mwisho ikamshinda.

"Samahani dada," alisema. "Hivyo viatu vyako mbona vinanukia pilipili manga?"

Vernita alimkagua kuanzia tai mpaka soksi. "Namba tisa. Havikutoshi."

"Mimi hata kimoja tu ningeshukuru."

Vernita akacheka bila kupenda. Jamaa akajitambulisha kuwa ni Carlisle Boykin, mhandisi wa madaraja, mzaliwa wa St. Louis, tena amekulia mitaa miwili tu kutoka shule aliyosoma Vernita. Habari za boksi hakuhitaji kuelezwa. Bibi yake naye alikuwa hasafiri bila kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na kipande cha keki ndani ya boksi la viatu, tangu enzi zile ambazo migahawa ya njiani ilikuwa ya Wazungu peke yao, sisi Weusi hatuingii. Migahawa ilikuja kufunguliwa kwa wote, lakini Mama Arzella, mama yake Vernita, alikataa katakata kuliacha boksi. Alikuwa akisema barabara haina mama.

Treni ilipokuja wakaketi pamoja, maana mazungumzo yalikuwa hayajafika hata nusu. Kwetu kondakta akishakagua tiketi huchomeka kikaratasi juu ya kiti, kimeandikwa unaposhukia na mko wangapi, ili usingizi ukikupitia aje akuamshe. Siku ile kondakta alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani. Aliwakuta wawili wanakula kutoka boksi moja, asiulize cha ziada. Akaandika kikaratasi kimoja: St. Louis, 2. Akakichomeka juu ya vichwa vyao, akaenda zake. Vernita akamtazama Carlisle, Carlisle akatazama dirishani. Hakuna aliyemsahihisha.

Walipopita mji wa Joliet treni ikasimama katikati ya mashamba ya mahindi kuipisha treni ya mizigo, kama kawaida ya huku, ambako makaa ya mawe yana haki kuliko binadamu. Mizigo ikapita behewa baada ya behewa, haina mwisho. Abiria wengine walilalamika. Vernita alikuwa anaomba moyoni isiishe upesi. Walifika St. Louis kiza kimeshaingia, na Mama Arzella, aliyekuja kumpokea binti yake, alipomwona yule mwanamume amebeba boksi tupu kama mali yake alisema neno moja tu: kawia ufike.

Mwaka mzima walipendana waziwazi. Carlisle alipanda basi la Vernita Jumamosi bila safari yoyote, anakaa kiti cha mbele, anamtania mpaka abiria wanamwambia amwache dada afanye kazi. Kisha kampuni yake ikampeleka Bern, kule Uswisi, akafanye kazi mwaka mmoja. Mapenzi yakahamia kwenye simu. Kila asubuhi, kabla Vernita hajalitoa basi karakana, simu ililia, na huko kwa mwenzake ni wakati wa chakula cha mchana.

"Umekula nini leo?" Vernita aliuliza.

"Mkate na jibini."

"Na jana?"

"Jibini na mkate."

"Rudi nyumbani, laazizi, utageuka panya."

Carlisle alipenda kumsimulia habari za treni za huko. Siku moja treni imechelewa dakika mbili, alisema, watu wakatazamana kama kuna msiba. Vernita akajibu kwamba kwetu dakika mbili ni salamu tu. Walicheka sana na mambo hayo. Lakini mwaka ule wa kazi ulipokaribia kwisha, Carlisle aliongea kwa sauti ya chini na kusema wamemwomba abaki miaka mitatu mingine. Atawajibu mwezi wa tano. Vernita akamuuliza, na mimi je? Akaambiwa njoo kwanza uone.

Akaenda. Koti la kijani mwilini, moyo mkononi. Alitaka kujua jambo moja tu, kama yule mwanamume anarudi kwao au harudi, na aliapa kwamba hataondoka Bern bila kuambiwa.

Haki ya watu wapewe watu: Ulaya ilimpendeza. Yeye ni dereva, anajua basi safi akiliona. Kwetu bila gari wewe ni mlemavu; ukitaka kumwona dada yako Kansas City ni kukata jimbo zima umeshika usukani, muziki juu, unasimama vituo vya mafuta vyenye choo cha bure na barafu ya kujaza kikombe mpaka juu. Kule bibi kizee anatoka mlangoni na fimbo yake, anapanda tramu, lile basi la relini la mjini, kisha treni, kisha basi la mlimani, hajamsumbua mjukuu yeyote. Choo cha stesheni unalipia, hilo lilimkera, na ukiomba barafu unaletewa vipande viwili kama dozi ya malaria. Lakini milima iko pale dirishani, nyeupe kileleni, na unaitazama badala ya kutazama lori lililo mbele yako.

Kilichomsumbua ni ukimya. Asubuhi ya kwanza aliingia kwenye tramu akasalimia wote kama anavyosalimiwa yeye kila siku kazini, watu wakamtazama kama aliyeangusha sahani. Carlisle akamvuta mkono taratibu. Carlisle yule yule wa kiti cha mbele, mchekeshaji wa basi zima, sasa alikuwa ananong'ona.

Siku ya tatu wakiwa ndani ya tramu, Vernita alimwona mwanamke mzee mwenye kikapu anakimbia kuja. Milango ikafungwa, tramu ikaondoka, mama wa watu akabaki ameinua mkono.

"Mimi ningemsubiri," Vernita alisema.

"Najua, mpenzi. Inakuja nyingine sasa hivi." Carlisle alitabasamu. "Huku hakuna anayemsubiri mtu. Ndiyo maana kila kitu kinafika."

Alilisema bila ubaya, lakini neno likishatoka halirudi. Lilimwingia Vernita likakaa. Yeye alikuwa amesubiri mwaka mzima, simu kwa simu, na sasa anaambiwa kusubiri ni ushamba.

Jumamosi Carlisle alipanga kumpeleka Zweisimmen, mji mdogo wa milimani, wakale chakula cha mchana hotelini. Vernita aliamka mapema, akakaanga kuku kwenye jiko lile dogo la Carlisle ambalo halitoshi watu wawili, akachemsha mayai, akapanga vyote kwenye boksi la viatu vipya vya mwenyeji wake. Carlisle alipoliona alicheka, akambusu shingoni, akasema Mama Arzella amefika Uswisi. Vernita akadhani mambo yametengemaa.

Kwenye treni, kabla hawajafika kituo cha Thun, akalifungua boksi. Harufu ikatembea behewa zima. Bwana mmoja mbele yao alishusha gazeti, akatazama, akalipandisha tena. Carlisle akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Tufunge kwanza, mpenzi. Tutakula tukifika."

"Unanionea haya, Carlisle?"

"Siyo wewe. Ni hivi, huku watu hawali namna hii."

"Sisi tulianzia kwenye boksi hili."

"Najua."

"Basi niambie moja, niache kujiuliza usiku na mchana. Mwaka ukiisha unarudi nyumbani, au hurudi?"

Carlisle akatazama dirishani, kama siku ile ya kwanza, lakini safari hii kutazama dirishani hakukuwa na utamu wowote. Treni ikasimama Thun. Vernita akabeba boksi lake, akashuka kuvuta pumzi.

Msimshangae. Kwetu ndivyo watu wanavyogombana safarini. Mmoja anakwenda behewa la chakula, anakunywa kahawa, anarudi na kikombe cha mwenzake, yamekwisha. Au treni ikisimama anashuka na wavuta sigara, anapoza kichwa mpaka kondakta awaite wote kwa sauti kubwa wapande. Na mwenzake anajua, anamwacha. Carlisle naye akamwacha. Ila Vernita hakuvuta pumzi hata tatu, milango ikaanza kupiga kengele. Akakimbilia mlango uliokuwa karibu, mabehewa ya mbele, akajitupa kitini. Alisema moyoni atamnunia mpaka kituo kinachofuata, kisha atarudi.

Walipofika kituo cha Spiez palikuwa na tangazo refu la Kijerumani. Watu wachache wakainuka, wakashuka haraka na kupanda kwingine. Vernita aliwaona, asiwatilie maanani. Kwetu treni ikiwa ya kugawanywa njiani, kondakta mwenyewe anakuketisha kwenye behewa lako, kikaratasi juu, hakuachi ukae pasipokuhusu. Kule wanatangaza, wanaandika kwenye skrini, mengine ni akili yako. Treni ikaondoka. Hasira ilikuwa imeshageuka njaa, naye akainuka amrudie mtu wake.

Akapita behewa la kwanza, la pili, akafika kwenye kioo. Nyuma ya kioo kulikuwa na kiti kitupu cha dereva, na nyuma ya kiti hicho reli mbili zikikimbia kurudi zilikotoka. Treni ilikuwa imeishia hapo. Nusu nyingine, yenye Carlisle, haikuwapo.

Alipiga simu. Ikalia, ikalia, ikakata. Akapiga tena. Hakuna aliyepokea. Basi Vernita akaelewa alivyoelewa yeye: nimeuliza swali, na hili ndilo jibu. Mwanamke ambaye hakulia mbele za watu hata kwenye mazishi ya baba yake, alikaa kwenye treni ya ugenini, boksi la kuku mapajani, machozi yanamtiririka.

Mzee mmoja mwenye viatu vya kupandia mlima alihama kiti akaja karibu. Lugha hawakuwa nayo. Vernita akamwonyesha tiketi. Mzee akakunja uso, akaunganisha vidole vyake viwili, kisha akavitenganisha: hiki kimekwenda kule, hiki kimekuja huku. Kituo kilichofuata akamshika mkono wa koti akamshusha, akamwonyesha upande wa pili wa reli, mahali pa kupandia treni ya kurudi Spiez. Vernita hakuwa na namna ya kushukuru ila kufungua boksi. Mzee akachukua paja, akalila pale pale mlangoni mwa treni, akalamba vidole bila haya, akampungia mkono wakati milango inafungwa. Kumbe wanakula, Vernita alijisemea.

Alibaki peke yake kwenye kituo kidogo chini ya mlima. Akawaza kurudi Bern, afunge sanduku, apande ndege, mambo yaishe. Akawaza tena alivyofundishwa utotoni kila walipokwenda kwenye maonyesho: ukipotezana na mwenzio, rudi mlipotenganishwa, ukae. Mama Arzella aliwafundisha watoto wake. Carlisle alifundishwa na nani? Mtu aliyejizoesha dakika za Uswisi angekuwa anateremka Zweisimmen saa hizi, meza yake imetandikwa.

Treni ya kurudi ikatokea kabla hajaamua kushuka ngazi za njia ya kuvukia chini ya reli. Akakimbia. Viatu vya kisigino, koti linapepea, boksi kifuani. Alipoibuka upande wa pili treni ilishasimama, wenye kupanda wameshapanda, na yeye bado yuko mbali. Akajua imekwenda. Lakini dereva, kijana mwenye ndevu chache, alikuwa amechungulia dirishani, akamwona, na mlango mmoja ukabaki wazi. Vernita akaufikia akihema, na kabla hajaingia akainua vidole viwili, salamu ya madereva wa St. Louis wanapopishana. Kijana akaitikia kwa kichwa.

Spiez stesheni iko juu ya ziwa, maji ya buluu kabisa, watu husafiri kutoka mbali kuja kupiga picha. Vernita hakuliona ziwa. Alimwona mwanamume mrefu mwenye shati tu, hana koti, kaketi kwenye benchi katikati ya upepo, amejikumbatia, macho kwenye reli.

Alisogea akasimama mbele yake.

"Koti lako liko wapi?"

"Limekwenda Zweisimmen," Carlisle alijibu. Meno yalikuwa yanagongana. "Na begi. Na simu."

"Simu imelia sana huko."

"Nilikuona dirishani unaondoka na ile nusu ya mbele. Nikaruka nje. Sikukumbuka kitu kingine."

"Na treni yako?"

"Si unazijua. Hazisubiri."

Vernita akakaa. "Ulijuaje nitarudi hapa?"

"Sikujua. Za kurudi Bern zimepita, nikaziacha. Nilisema nikiondoka hapa, halafu wewe uje usinikute, nitakuwa nimemaliza kila kitu kwa mkono wangu." Akainua macho kumtazama. "Lile neno la kwenye tramu lilikuwa la kipumbavu, Vernita. Katika maisha yangu ni wewe peke yako uliyenisubiri, halafu nakuhubiria habari za ratiba."

Vernita alivua koti la kijani akamvisha. Mikono ikamfika viwiko, kifua hakifungi, mhandisi mzima akawa kama mtoto aliyeazima nguo za dada yake. Watu wawili waliopita walitazama, na Carlisle hakunong'ona wala hakujificha.

"Sasa nijibu," Vernita alisema.

"Nilitaka kukuomba ubaki na mimi huku. Leo, kule hotelini. Nikaogopa utakataa."

"Ningekataa. Mama yangu yuko kule. Basi langu liko kule. Nakupenda, Carlisle, lakini siwezi kuishi mahali ambapo nikisalimia watu wananiogopa."

"Najua. Na lilipoondoka lile behewa na wewe ndani, niliona maisha yangu yatakavyokuwa. Safi, yanakwenda kwa wakati, na wewe hupo. Jumatatu nawaambia hapana."

"Usirudi kwa kunionea huruma."

"Narudi kwa sababu nina njaa," alisema, na machozi yakamtoka katikati ya mzaha. Vernita akamfuta macho kwa karatasi ya tishu ile ile aliyofungia kuku, ikampaka mafuta shavuni, na hapo ndipo wote wawili wakaanza kucheka.

Wakala pale pale benchini, vidole na midomo, mbele ya ziwa na mbele za watu. Ofisi ya stesheni ikapiga simu, ikaambiwa begi na koti vimeonekana vikiwa salama na vitarudishwa jioni. Kisha wakapanda treni ya Bern, wakakaa bega kwa bega, na joto likamrudia Carlisle.

Treni ilipopita Thun akauomba mfuniko wa boksi. Akauchana pembe moja, akaazima kalamu ya Vernita, akaandika, akainuka na kukichomeka kile kipande cha boksi juu ya viti vyao. Vernita akainua macho. Kiliandikwa: St. Louis, 2.

Mara kondakta akafika, binti nadhifu mwenye skafu nyekundu shingoni. Akakagua tiketi, akaona kipande cha boksi chenye doa la mafuta, akauliza kwa upole hicho ni nini.

"Ni chetu mimi na mke wangu," Carlisle alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kiti cha mbele, behewa zima likasikia. "Tunakwenda nyumbani."

Binti akasoma tena. "Lakini bwana, treni hii inaishia Bern."

"Tunajua, dada. Tutachelewa kidogo."

Binti akamgeukia Vernita, kana kwamba anataka mwenye akili timamu amthibitishie. Vernita hakuwa ameulizwa wala kuvishwa pete, na vidole vyake vilikuwa vinanata mafuta ya kuku. Akamtazama Carlisle. Carlisle safari hii hakutazama dirishani. Alikuwa anamtazama yeye, koti la kijani limembana mabega, anasubiri.

Vernita hakumsahihisha.